Kanda Niliyojisingizia

Nyinyi wasichana mnaokuja kwangu kuuliza habari za nyimbo za arusi mna tabia moja. Mnavua viatu mlangoni, mnanipa shikamoo nzuri, mnakunywa chai yangu ya tangawizi na kumaliza vitumbua vyangu, halafu mkishajifuta midomo mnaniuliza, "Bi. Riziki, huyo Bi. Tima alikuwaje?" Hamniulizi mimi nilikuwaje. Nimekaa mbele yenu, mzima, nina meno yangu karibu yote, na mnataka habari za Tima.

Basi leo nitaeleza, tena kwa maandishi, nisije nikaulizwa tena. Tima alikuwa mfupi, mwembamba, mkaidi, hajui kupika, na alikuwa na sauti ambayo mimi sikupewa. Nimeishi naye mtaa mmoja, Shela, hapa Malindi. Nimeimba naye tangu sote wawili hatujaolewa, na sikumbuki siku niliyomsikia akianza wimbo nisione wivu. Nasema wivu wenyewe, ule unaokukaa chini ya kifua ukashindwa kumeza mate. Watu wakizeeka husema mambo hayo yamepita. Yangu hayajapita, na siombi radhi kwa mtu.

Kazi yetu ilikuwa hivi. Arusi ya mji ilikuwa na shughuli zake za wanaume, ambazo hazikutuhusu, na za wanawake. Katika hizo za wanawake kulikuwa na siku ya singo, bibi arusi anaposuguliwa mwili mzima kwa liwa na manukato, na wanawake wamemzunguka chumbani. Hapo ndipo tulipoitwa sisi. Tulikuja na vugo, zile pembe za nyati zinazogongwa kwa vijiti, tukaimba. Mwanzo tulimsifu bibi arusi, tukamsifu mama yake na watu wake. Kisha, chumba kikishapata joto, tukaingia katika nyimbo za ndani.

Nyimbo za ndani sitawaandikia. Mna wazazi, na mimi nina wajukuu wanaojua kusoma. Itoshe kusema kwamba hazikuzungukazunguka. Zilitaja kitu kwa jina lake, zikasema kinafanya nini, na mwanamke adai nini na akatae nini. Yule msichana aliyelala pale na liwa mgongoni alikuwa karibu kwenda kwa mume, na hakukuwa na mtu mwingine wa kumwambia. Mama mzazi alizuiwa na haya. Shangazi alianza vizuri halafu akashikwa na kicheko. Kwa hiyo ilibaki kwetu kusema.

Aliyetufunza ni Bi. Nunu, mtu wa Mambrui, mnene na mpole, ila ukikosea alikugonga kifundo cha mguu kwa kijiti cha vugo. La kwanza alilotufunza halikuwa kuimba. Lilikuwa mlango. Kabla ya wimbo wa ndani, mmoja wetu, kwa kawaida mwenye mwili, aliketi chini akaegemeza mgongo kwenye mlango. Tuliita kazi hiyo kukaa mlango. Wasichana wasioolewa walitolewa. Watoto wa kiume walipelekwa kwa jirani, hata wanaonyonya. Mlango haukufunguliwa tena mpaka tumalize wimbo wa mwisho, hata mtu abishe vipi. Na kama kwa bahati mbaya mtu alijipenyeza, wagonga pembe walizipiga kwa nguvu zao zote zikalimeza neno, na mwimbaji akageukia ubeti wa kumsifu mama mkwe kana kwamba ndio aliokuwa akiuimba tangu mwanzo. Jambo jingine alilotusisitizia ni kwamba jina la aliyeimba nyimbo za ndani halitoki nje. Ukimkuta kesho sokoni, unamwamkia kama mtu yeyote.

Mimi nilikosea mapema. Katika arusi moja nilianza wimbo wa ndani bila kutazama uvunguni. Kulikuwa na kitoto cha kike kimejilaza huko na kipande chake cha halua. Siku ya pili kilimwimbia baba yake ubeti mzima wakati wa chakula cha mchana. Bi. Nunu alinipeleka kwa yule baba nikaomba radhi nyuma ya pazia, kisha akaniondoa katika kuimba, akanikalisha mlango msimu mzima wa arusi. Fikirini wenyewe. Mgongo wangu umebana ubao, mbele yangu Tima anaimba, na wanawake wanamtunza leso na manukato. Niliporudi kuimba nilimuuliza Bi. Nunu mbona mimi ananisahihisha kila mstari na Tima hamsahihishi. Akaniambia, "Sauti ya Tima imekuja na chumvi yake, mwanangu. Yako tutaitia." Mimi nimetiwa chumvi maisha yangu yote.

Na msidhani ilikuwa hapa mjini tu. Tuliitwa Kaloleni, kwa Mgiriama mmoja aliyesilimu, anamwoza binti yake kwa mtu wa Malindi na anataka kila kitu kifanywe kama mjini. Tuliogopa kuwaudhi wenyeji, kwa hiyo nilichagua nyimbo za ndani zilizo laini. Nyanya yake bibi arusi alinisikiza mpaka mwisho, mkono shavuni. "Ni hayo tu, mwanangu?" akaniuliza. Kisha akaanza zao. Kufika ubeti wa pili nilikuwa nimejifunika leso uso mzima, mimi, mwimbaji. Lakini Tima alikuwa ameinama mbele akimtazama yule bibi mdomoni. Wimbo ulipokwisha alimrudishia wote kwa Kigiriama, nusu ya maneno hayajui maana, na wale wabibi wakainuka wakambeba. Mimi nilibebeshwa pembe mpaka kwenye gari.

Sasa niwaeleze habari ya kanda, ambayo ndiyo mliyoijia.

Miaka ya themanini, vijana waliokwenda Uarabuni kutafuta kazi walianza kurudi na redio kubwa za kanda, zenye spika mbili na taa. Nyumba iliyokuwa na redio hiyo iliipamba kwa kitambaa. Basi kulikuwa na singo katika nyumba moja ya watu wenye uwezo wao, na shangazi yake bibi arusi akapata fikra. Aliona msichana ana woga, hatashika hata neno moja siku ile. Akaiweka redio juu ya kabati, akaitia kanda tupu, akaibonyeza inase, akaifunika leso ili sisi tusione haya. Nia yake ilikuwa njema. Alitaka mwari aje kusikiza tena akitulia.

Siku hiyo mlango ulikaliwa na mwanamke ambaye hata ng'ombe asingempita. Watoto walitolewa. Uvunguni nilichungulia mwenyewe. Juu ya kabati hakuna aliyetazama. Na siku hiyo, siku hiyohiyo katika siku zote, mimi nilikuwa na mafua, koo limeziba. Niligonga pembe. Tima ndiye aliyeimba, mwanzo mpaka mwisho.

Bibi arusi alimwazima shoga yake ile kanda. Shoga akaiacha mezani, kaka yake akainakili. Mwenye kunakili akamnakilia mwingine. Haukupita muda nikapita kwa kinyozi wa karibu na soko, nikasikia vugo zinalia. Nilidhani mna arusi ndani ya kile kibanda. Kisha nikamsikia Tima. Mchana kweupe, wanaume wamekaa kwenye mabenchi na mashuka meupe shingoni, na Tima anaimba wimbo wa ndani.

Kuanzia hapo wimbo ulitembea wenyewe. Ulikuwa kwa wauza chai, ulikuwa kwa mafundi baiskeli. Bendi moja ya hoteli huko Watamu ikauchukua, ikautia magitaa ya umeme, ikawa inawapigia wageni. Wageni walipiga makofi hawajui wanapigia nini, na wahudumu wakawa wanakimbilia jikoni kucheka. Vijana wakaimba ule wa bendi na ule wa kanda, wakizibadilisha. Kisha watoto wakauchukua, na hapo ndipo mji ulipowaka moto. Wasichana wadogo waliruka kamba kwa wimbo ule. Chuoni, pa kusomea Kurani, mtoto aliyeambiwa asome sura yake aliianza kwa mahadhi yale. Mama mmoja tuliyemwita Mama Karisa, Mgiriama, Mkristo, mwenye kuuza maandazi, alimkuta mwanawe anaosha vyombo huku anaimba maneno yale taratibu, kwa unyenyekevu, kama wimbo wa kanisani.

Wenzangu katika kazi walikuwa wakitetemeka. Wazazi walikuwa wanasema aliyeimba akijulikana hatoitwa tena arusini, Malindi wala Mambrui, na kwetu sisi hiyo ilikuwa ndiyo kazi. Tima alikuwa mjane, ana watoto wanamtazama yeye tu. Alikonda. Na mimi? Mimi nilikuwa nikienda sokoni hata siku nisizokuwa na haja ya kitu. Nilisimama kwa muuza mchicha aliyekuwa jirani na yule kinyozi, nikawa nageuza mafungu huku na huku, nikisikiza. Kulikuwa na mahali katika ubeti wa tatu ambapo Tima aliishusha sauti mpaka chini kabisa, kisha akaipandisha bila kuvuta pumzi. Nilipajaribu nyumbani nikisaga nazi. Pumzi ilinikatikia njiani kila mara. Watu wazima waliokuwa wakiulaani ule wimbo walisimama palepale kwa kinyozi kuulaani, na hawakuondoka mpaka ubeti wa tatu upite. Siku moja nilimsikia mwanamume anauliza, "Nani huyu mwenye sauti hii?" Nilikunja uso kwa hasira mpaka muuza mchicha akadhani nimeona mdudu.

Wazazi wakakutana alasiri moja ukumbini kwa Mwalimu Saida, aliyekuwa akifundisha wasichana Kurani. Waislamu, Wakristo, watu wa mjini na watu wa mashamba, wote walikuja, wanawake kwa wingi, na wazee wa kiume wachache walioketi karibu na mlango. Sisi waimbaji tuliitwa sote. Tima aliketi upande wa pili, ananikabili, amejifunika buibui mpaka machoni.

"Jamani," alisema Mwalimu Saida, "tusidanganyane. Mwanamke aliyeolewa katika mji huu nyimbo hizi anazijua. Mimi mwenyewe niliimbiwa. Nyimbo hazina neno zikiwa mahali pake. Lakini mwanangu wa kiume ameniuliza maana ya maneno yale nikiwa namtilia mchuzi. Nimjibu nini?"

"Mimi wangu hakuniuliza," akasema Mama Karisa. "Wangu ameshaelewa! Mulungu anaona, hata kwetu nyimbo hizo tunazo, tena kali kushinda hizi zenu. Lakini zetu hazikai kwa kinyozi!"

Mama Karisa alikuwa amekuja na ile kanda aliyomnyang'anya mwanawe, pamoja na redio yenyewe. Baadhi ya kina mama walikuwa hawajausikia wimbo wote, au ndivyo walivyosema, na wakataka kuusikia ili wajue wanalalamikia nini. Wazee wa kiume wakaombwa watoke. Walitoka polepole sana. Kisha mwanamke mmoja mnene, bila kuambiwa na mtu, akaenda akaketi na kuegemeza mgongo kwenye mlango.

Kanda ikawekwa. Wote tuliinamisha macho kwenye mkeka, na mimi kwa kuwa nimeinama niliona vidole vya miguu. Hakukuwa na mguu uliotulia pale ukumbini. Ubeti wa tatu ulipofika, palepale penye pumzi, mtu alitoa sauti ya "mmh" iliyomponyoka. "Zima!" akasema Mwalimu Saida. Mama Karisa akabonyeza kitufe, wimbo ukasimama. Akaona taa bado inawaka, akaona afadhali abonyeze na kile chekundu kwa usalama, kisha akaifunika redio kwa leso yake kama mtu anayefunika maiti.

"Haya," Mwalimu Saida akasema. "Aliyeimba yumo humu. Mimi sitamtaja mtu. Aseme mwenyewe, asamehewe kwa Mungu, na arusini asiitwe tena."

Wengi walimjua, walikuwapo siku ile au waliitambua sauti, lakini jina halikutoka. Niliiona mikono ya Tima inalikunja na kulikunjua pindo la buibui. Ningenyamaza na mimi, Wallahi, ningenyamaza. Ila mama aliyeketi ubavuni pangu, mtu mzima, mcha Mungu, alimnong'oneza mwenzake: "Maneno ni haramu, lakini sauti kama ile haijapata kutokea Malindi."

Nikasimama. "Ni mimi," nikasema.

Waliojua ukweli walishtuka, kisha nikaona nyuso zao zinalegea kwa huruma. Bibi mmoja alianza kufuta machozi. Walidhani najitoa kwa ajili ya Tima, kwa kuwa ni mjane, kwa kuwa tumekua pamoja. Jambo hilo hata halikunipitia akilini.

"Wewe, Riziki?" akauliza Mwalimu Saida.

"Mimi, Mwalimu."

"Sauti ile ni yako?"

"Ni yangu."

Akatikisa kichwa. "Basi Mungu amekupa, mwanangu, na wewe umekitumia vibaya kipaji chake. Sijasikia sauti kama hiyo tangu ujana wake Bi. Nunu."

Niliinamisha kichwa ili wasinione ninavyotabasamu. Nimeolewa, nimezaa, nimepewa zawadi nyingi nzuri, lakini sidhani kama kuna neno lililonishukia rohoni kama lile. Nililisikiza mpaka likaisha. Kazi yangu ilikuwa inakwenda na maji na mimi nilikuwa nasikia raha.

"Uwongo!"

Ilikuwa sauti ya Tima. Amesimama, buibui limeanguka mabegani. "Uwongo mtupu! Sauti ile ni yangu! Huyu Riziki siku ile alikuwa na mafua!"

"Nyamaza, Tima, unajiponza," nikamwambia.

"Bora niponzeke na sauti yangu! Pale penye ubeti wa tatu huna pumzi ya kupafika, na unajua huna!"

"Ninayo!"

"Huna!"

Mwalimu Saida aliinua mikono yote miwili. "Hebu ngojeni. Mnagombea nini? Mumesahau kuwa mwenye sauti ile hatoitwa arusini?"

"Tunajua!" tukajibu kwa pamoja.

Aliyetutoa pale ni Mama Karisa, mtu wa biashara, asiyependa jambo likae bila kumalizwa. "Waimbe," akasema. "Kila mtu aimbe ule ubeti, tutajua."

Mwalimu Saida alitazama mlango. Yule mama mnene akaupapasa ubao nyuma yake, akaitikia kwa kichwa kuwa umefungwa. "Haya," Mwalimu akasema kwa sauti ya chini. "Ubeti mmoja tu. Wa uchunguzi."

Nilianza mimi. Nataka mjue kwamba niliimba vizuri. Neno kila moja lilitoka safi, mahadhi kama alivyotufunza Bi. Nunu, na pale penye ubeti wa tatu nilipita, ingawa niliiba pumzi kidogo katikati, ndogo sana, sidhani kama wengi waliisikia. Wakanisikiza kwa heshima. Mmoja akasema, "Mashallah." Nikaketi.

Tima akaanza, na alipofika mstari wa pili hakukuwa na mchunguzi pale ndani. Mtu alivuta sinia akaanza kuigonga. Wengine wakaitikia. Alipoishusha sauti, ukumbi mzima ulishuka naye, na alipoipandisha vilipigwa vigelegele ambavyo wale wazee wa kiume waliokuwa nje lazima walivisikia. Mama Karisa alikuwa amesimama, leso amejifunga kiunoni, anakumbuka za kwao. Na Mwalimu Saida, mwalimu wetu, alifumba macho akaimba naye mstari wa mwisho wote, kwa sauti nzuri tu, kisha akafumbua akakumbuka kuwa yeye ndiye aliyeitisha mkutano.

Sasa angemkataza nani? Alijitengeneza mtandio, akakohoa. "Hapana atakayekatazwa kuimba," akasema. "Lakini kuanzia leo, siku ya singo, redio itakaa nje pamoja na wanaume." Na ndivyo tulivyofanya miaka yote iliyofuata. Aliyekaa mlango alipewa kazi ya pili, kupekua. Nimetoa redio kwenye vikapu vya maandazi, nimezitoa chini ya mito, na moja ndogo niliitoa ndani ya nepi ya mtoto, na mtoto mwenyewe yumo. Leo nyinyi mnaingia na simu mikononi, mnazielekeza kwa mwimbaji waziwazi, kisha mama zenu wanakuja kwangu kulalamika kuwa vijana hawana haya. Huwauliza, mlango alikaa nani?

Lakini kanda yetu haikuishia pale. Kile kitufe chekundu alichokibonyeza Mama Karisa kilikuwa cha kunasia. Chini ya leso yake redio ilikuwa imezunguka muda wote ule, ikafuta wimbo wa zamani uliobaki na kuchukua mkutano wote uliofuata. Mama Karisa aliirudisha nyumbani bila kujua, mwanawe akaipata. Kabla ya wiki kwisha ilikuwa kwa kinyozi. Wazazi walikutana kuizuia kanda chafu, mji ukapata iliyo chafu zaidi, tena katika hii, kabla ya wimbo, alisikika Mwalimu Saida akisema, "Ubeti mmoja tu. Wa uchunguzi." Mwalimu hakutoka nyumbani kwake siku nyingi. Mama Karisa aliapa kuwa hatagusa redio tena, na hakugusa.

Na mimi nilifurahi. Mseme mtakavyo. Nilijua kwamba sasa nimo. Nilivaa buibui langu jipya nikaenda kwa muuza mchicha, nikashika fungu langu, nikangoja. Kinyozi akaweka kanda. Nikamsikia Mwalimu, nikajisikia mimi naanza, na kabla sijamaliza mstari wa kwanza kikasikika kile kilio cha kanda inayokimbizwa mbele. Sauti yangu ikawa kama ya panya. "Huyu bado," kinyozi alimwambia aliyekuwa akinyolewa. "Mwenyewe yuko mbele." Kinyozi yule amekwishafariki, Mungu amrehemu, lakini mimi bado sijamsamehe.

Mtaniuliza kama tulinuniana na Tima. Tuliendelea kufanya kazi pamoja mpaka magoti yake yalipokataa. Mnarani, Mambrui, Watamu, kote tulikwenda, yeye mbele na mimi nyuma kidogo. Mji wote uliamini nilisimama siku ile ili kumwokoa, na walinisifu kwa hilo badala ya kunisifu kwa kuimba. Sikuwakanusha, wala sikusema ndiyo. Yeye hakuwahi kunishukuru. Siku moja tu, tukiwa tunafuta vumbi pembe zetu uani kwake, alisema bila kunitazama, "Riziki, mimi najua siku ile hukuniokoa."

"Sikukuokoa," nikamwambia.

"Ungekuwa unaniokoa ningenyamaza. Ningekuachia." Akapuliza vumbi kwenye pembe, akanipa nyingine. Hakuna mtu mwingine aliyenielewa kiasi hicho, hata mume wangu.

Tima alikufa, na katika hitima yake mtu mmoja alisimama akasimulia jinsi nilivyojitoa kwa ajili yake. Watu wakalia. Na hata pale, na maiti yake haijapoa kaburini, nilikuwa nikiwaza kwamba hitima yangu haitajaa watu namna hii.

Mwaka jana Karisa, yule mwoshaji vyombo, sasa ni mzee mwenye kipara, aliniletea kanda yenyewe ya mkutano, ile iliyokuwa kwenye redio ya mama yake. Mjukuu wangu wa kike aliipeleka kwa fundi ikatiwa kwenye simu. Wakakusanyika wote sebuleni kwangu, wajukuu na rafiki zao, nikawakubalia kwa kuwa wale waliobaki ndani wote wameolewa. Mwenye mwili kati yao nilimkalisha mlango.

Mwalimu Saida akasema maneno yake. Kisha nikaimba mimi. Safi kabisa. Neno kwa neno, pumzi kwa pumzi, hata ile niliyoiba. Kanda ile kipande changu hakikuchezwa na mtu, kilirukwa miaka yote, kikabaki kipya kama siku ile. Ilipofika zamu ya Tima kukawa na mchakacho tu. Kilichezwa, kikarudishwa, kikachezwa, mpaka kikalika. Ukitega sikio sana utasikia vigelegele kwa mbali, na chini yake kitu kinachopanda, halafu kinapotea.

"Bibi," mjukuu wangu akaniambia, amenishika mkono, "kumbe wewe ndiye uliyekuwa hodari! Huyo mwingine hata si kitu."

Maisha yangu yote nimelingoja neno hilo. Nimelingoja nikiwa nimekaa mlango, nimelingoja kwa muuza mchicha. Sasa limesemwa, mbele ya watu, nyumbani kwangu. Nikageuza uso upande wa pili wa sebule, pale Tima alipokuwa akipenda kuketi, nikangoja mtu asimame aseme, "Uwongo!"

Hakusimama mtu.